Kilichoandikwa na Kilichomo: Historia ya Kupima Vitamini katika Maziwa ya Kopo ya Watoto

Nyuma ya kopo la maziwa ya unga ya watoto wachanga, liwe linauzwa katika duka la dawa Kariakoo au kwenye supamaketi ya Nairobi, huwa kuna jedwali la maandishi madogo. Vitamini A, mikrogramu kadhaa. Vitamini D, mikrogramu kadhaa. Kisha B1, B6, B12, C, E na K, kila moja na namba yake. Mzazi hawezi kuiona vitamini wala kuionja, na daktari pia hawezi. Anayeweza kusema kama namba zile ni za kweli ni mkemia mwenye vifaa, muda na njia ya kupima inayoaminika. Njia hizo zimetafutwa kwa zaidi ya miaka 100.

Watoto wengi wa Afrika Mashariki hunyonya maziwa ya mama, na Shirika la Afya Duniani linashauri wasipewe kitu kingine chochote kwa miezi 6 ya mwanzo. Hata hivyo wapo waliofiwa na mama zao, na wapo ambao mama zao ni wagonjwa au hawana maziwa ya kutosha. Mtoto wa namna hiyo huishi kwa kopo peke yake. Mtu mzima akila ugali wa unga uliopungukiwa na vitamini atafidia kwa mchicha, kwa maharage, kwa embe. Mtoto wa miezi 3 hana mchicha. Kinachokosekana ndani ya kopo kinakosekana mwilini mwake asubuhi, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Hatua kadhaa kubwa katika upimaji wa vitamini hizi zilipigwa baada ya watoto kuumia, na jambo hilo lafaa kusemwa wazi tangu mwanzo.

Chakula kipya, ugonjwa wa zamani: 1865–1914

Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alikuwa tayari mtu mashuhuri Ulaya alipotangaza, mwaka 1865, kwamba ametengeneza chakula cha kuchukua nafasi ya maziwa ya mama. Kilikuwa na unga wa ngano, kimea, maziwa ya ng'ombe na chumvi ya potasiamu. Miaka miwili baadaye Henri Nestlé, aliyekuwa akiishi Vevey, Uswisi, akaingiza sokoni unga wake wa maziwa, ngano na sukari. Viwanda vingine vikafuata mkondo huo.

Wanasayansi wa wakati ule waliamini kuwa chakula kina protini, mafuta, wanga, chumvichumvi na maji, basi. Vitu hivyo walijua kuvipima, na kwa vipimo vyao unga wa kiwandani ulikaribiana na maziwa ya mama. Ilitosha mtu kuonyesha hesabu hiyo, na wazazi wenye uwezo wakanunua.

Ishara kwamba hesabu ilikuwa na tundu ilionekana mapema. Mwaka 1881 kijana aitwaye Nikolai Lunin, katika chuo kikuu cha Dorpat, ambao leo ni mji wa Tartu nchini Estonia, aliwalisha panya wadogo vitu vyote vilivyojulikana kuwamo katika maziwa, kila kimoja kikiwa kimesafishwa. Panya hao wakafa. Waliopewa maziwa yenyewe wakaishi. Lunin akaandika kwamba lazima maziwa yana vitu vingine visivyojulikana ambavyo uhai hauwezi kwenda bila hivyo. Hakuna aliyefuatilia kwa miaka mingi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1883, daktari Thomas Barlow wa London alieleza kuhusu watoto wachanga waliokuwa wakilia wakiguswa miguu, fizi zao zikivimba na kutoka damu. Wengi walidhani ni matege makali. Barlow, aliyechunguza pia miili ya waliofariki, alionyesha kuwa ni kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowamaliza mabaharia karne zilizopita. Jambo la kushangaza ni kwamba uliwapata hata watoto wa nyumba zenye fedha, ambazo ziliweza kununua vyakula vya makopo na maziwa ya viwandani. Mwaka 1898 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikusanya taarifa za watoto 379 wenye ugonjwa huo. Mjini New York, Alfred Hess aliwafuatilia watoto wa kituo kimoja cha malezi waliokuwa wakipewa maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Juisi ya machungwa ilipoondolewa, kiseyeye kilijitokeza, iliporudishwa, kikaondoka. Matokeo aliyatoa mwaka 1914, na leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingemruhusu kuwanyima watoto juisi ili aone kitakachotokea.

Moto uliokuwa ukiwaokoa watoto na kuhara na kifua kikuu ulikuwa pia ukiharibu kitu fulani ndani ya maziwa. Kitu hicho hakikuwa na jina, na kisicho na jina hakikuwa na kipimo.

Kupima kwa kiumbe hai: 1907–1936

Jina lilikuja mwaka 1912, pale Casimir Funk, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Lister mjini London, alipopendekeza neno ambalo lugha nyingi za dunia zimelichukua: vitamini. Mwaka huo huo Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge alionyesha kuwa panya waliodumaa kwa chakula kilichosafishwa walianza kukua walipoongezewa maziwa kidogo tu, yasiyozidi kijiko cha chai kwa siku. Mwaka uliofuata Elmer McCollum na Marguerite Davis, Marekani, wakatambua kitu kilichomo katika siagi na kiini cha yai ambacho baadaye kiliitwa vitamini A.

Lakini utapimaje kitu ambacho hakuna aliyekiona? Jibu la kizazi kile lilikuwa kupima athari yake kwa mnyama. Wanorwei Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wamegundua mwaka 1907, bila kukusudia, kwamba simbilisi hupata kiseyeye kama binadamu. Panya wa kawaida hafai kwa kazi hiyo kwa sababu mwili wake hujitengenezea vitamini C. Basi simbilisi akawa chombo cha maabara. Alilishwa chakula kisicho na vitamini C, akaongezewa kiasi fulani cha maziwa yanayochunguzwa, na baada ya wiki nyingi akachinjwa ili meno, mifupa na viungo vyake vitazamwe. Kama kiseyeye hakikumpata, maziwa yale yalikuwa na ya kutosha.

Kwa vitamini D zamu ilikuwa ya panya mweupe. McCollum na wenzake walieleza kipimo chao mwaka 1922. Panya hulishwa chakula cha kumpa matege kwa wiki tatu hivi, kisha hupewa kitu kinachopimwa kwa siku chache, kisha mfupa wake wa mguu hupasuliwa na kuchovywa katika nitrati ya fedha. Ukiwekwa kwenye mwanga, sehemu yenye chokaa mpya huwa nyeusi. Upana wa mstari huo mweusi ndio uliokuwa kipimo. Mtaalamu aliyezoea aliweza kusoma mstari kwa jicho na kuupa alama. Kipimo hicho cha panya kiliandikwa katika orodha rasmi ya mbinu za chama cha wakemia wa serikali za Marekani, AOAC, mwaka 1936, na kikadumu humo kwa miongo mingi.

Wakati panya wakihesabiwa Marekani, mjini Vienna Harriette Chick alikuwa amekwisha kuonyesha, katika kliniki ya watoto iliyozungukwa na njaa ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwamba mafuta ya ini la samaki na mwanga wa jua huzuia na kuponya matege. Na huko Cleveland, Marekani, Henry Gerstenberger alikuwa ametengeneza maziwa ya watoto yaliyotiwa mafuta hayo ya samaki ndani yake. Aliyaita S.M.A. Kutia vitamini ndani ya kopo kwa makusudi kulianza hivyo, miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kuweza kusema ametia kiasi gani.

Maabara zilipoanza kulinganisha matokeo, fujo ikaonekana. Panya wa London hakuwa sawa na panya wa Wisconsin. Umri, ukoo, hata akiba ya vitamini aliyorithi kwa mama yake vilibadilisha jibu. Mwaka 1931 Shirika la Mataifa liliitisha mkutano London kukubaliana juu ya vipimo vya pamoja, na ndipo vilipozaliwa vizio vya kimataifa, zile herufi IU ambazo bado zimo kwenye makopo. Kizio kimoja cha vitamini C kilielezwa kuwa nguvu iliyomo katika sehemu ya 10 ya mililita ya juisi ya limau! Ilibidi wasubiri mkutano wa 1934 ili juisi hiyo iachwe na badala yake iwekwe asidi askobiki halisi, miligramu 0.05. Kwa mara ya kwanza vitamini hiyo ilikuwa na uzito.

Rangi, mwanga na vijidudu: 1926–1950

Kilichowezesha badiliko hilo ni kwamba kemia ilikuwa imeanza kuzishika vitamini zenyewe. Mjini Batavia, Jakarta ya leo, Jansen na Donath walitenga fuwele za vitamini B1 mwaka 1926 kutoka kwenye pumba za mchele. Albert Szent-Györgyi alitenga kitu kilichokuja kujulikana kuwa vitamini C mwaka 1928. Ukiwa na fuwele safi mkononi unaweza kutafuta dalili ya kikemia inayoitambulisha, na huhitaji tena kungoja panya akue.

Dalili ya kwanza ilikuwa rangi. Mwaka 1926 Carr na Price walionyesha kwamba vitamini A ikichanganywa na trikloridi ya antimoni hugeuka buluu. Ni buluu nzuri, ila haikai. Baada ya sekunde chache hufifia, na mkemia aliyechelewa kuisoma alipata jibu dogo kuliko ukweli. Kwa vitamini C ilitumika rangi iliyobuniwa na Tillmans, Mjerumani. Unaidondosha tone kwa tone kutoka kwenye bureti, na vitamini C huila rangi hiyo mpaka inapokwisha. Hapo tone la mwisho huacha uwaridi. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne aliyewahi kushika bureti ataielewa kazi hii. Kilichochukua miezi kwa simbilisi sasa kilichukua dakika.

B1 iling'aa. Ikitibiwa kwa kemikali fulani hugeuka kitu kiitwacho thiokromu, ambacho chini ya mionzi ya urujuanimno hutoa mwanga wa buluu. Jansen aliigeuza sifa hiyo kuwa kipimo mwaka 1936, na njia yake ikatumika kwa vizazi.

Kwa vitamini nyingine za kundi la B, ambazo kiasi chake ni kidogo zaidi, kiumbe hai hakikuondoka, kilipungua ukubwa. Esmond Snell, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alijua kuwa bakteria wanaogandisha maziwa hawawezi kuzaana bila vitamini fulani. Mwaka 1939 yeye na Frank Strong walichapisha kipimo cha vitamini B2 kwa kutumia bakteria hao. Chakula chao huandaliwa kikiwa kamili isipokuwa vitamini moja, kisha huongezewa sampuli. Kadiri sampuli inavyokuwa na vitamini hiyo, ndivyo bakteria wanavyoongezeka na majimaji yanavyozidi kuwa na ukungu. Mirija michache mezani ikafanya kazi ya vizimba vingi vya panya. B12 ilipogunduliwa mwaka 1948, na ikaonekana kuwa inahitajika kwa kiasi kidogo kupita zote, bakteria ndio waliokuwa na uwezo wa kuihisi. Njia hiyo ingali inatumika katika maabara nyingi hadi leo.

Kila mojawapo ya mbinu hizi ilikuwa na udhaifu ambao wakemia waliujua vizuri kuliko wauzaji. Rangi ya Tillmans huliwa pia na vitu visivyo vitamini C. Bakteria wa B12 wanaweza kudanganywa na vipande vya vinasaba vya seli nyingine. Na mbinu zote zilidai kwanza vitamini itolewe ndani ya unga, ambamo imefungamana na protini au kufunikwa na mafuta, bila kuiharibu kwa joto, hewa au mwanga wa dirishani.

Kidogo mno, kingi mno: miaka ya 1950

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari katika sehemu mbalimbali za Marekani walianza kuletewa watoto wenye degedege bila homa. Walikuwa na miezi michache tu, walishtuka kwa sauti ndogo, na hakuna dawa ya kawaida iliyowatuliza. Mwaka 1954 David Coursin, daktari wa watoto wa Lancaster, Pennsylvania, alieleza kilichowaunganisha: wote walikuwa wakinywa maziwa ya maji ya kopo ya aina moja. Walipobadilishiwa maziwa, au walipopewa vitamini B6, degedege ikakoma.

B6 haikuwa imesahauliwa na waundaji wa maziwa yale. Iliharibiwa kiwandani, wakati kopo lililokwisha kufungwa lilipopashwa moto mkali kuua vijidudu. Vitamini ilikuwapo mwanzoni mwa mstari wa uzalishaji, mwishoni haikuwapo ya kutosha. Somo hilo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana: kupima malighafi hakutoshi. Inabidi kupima kile ambacho mtoto atakunywa, baada ya moto, na tena baada ya kopo kukaa rafuni kwa miezi.

Uingereza ilipatwa na kinyume chake. Tangu vita, serikali ilikuwa ikigawa maziwa ya unga ya taifa yaliyotiwa vitamini D ili kukomesha matege, na matege yalipungua kweli. Lakini mtoto yule yule alipewa pia nafaka iliyotiwa vitamini D na mafuta ya samaki kutoka kliniki. Viwanda navyo, vikiogopa upungufu, vilitia zaidi ya kilichoandikwa. Ilikadiriwa kuwa mtoto angeweza kupata vizio 4,000 kwa siku, mara 10 ya vizio 400 vinavyoshauriwa leo. Katikati ya muongo huo zaidi ya watoto 200 waligundulika kuwa na kalsiamu nyingi kupindukia katika damu. Walitapika, walikonda, figo zikaumia. Mwaka 1957 viwango vikapunguzwa. Ilichukua zaidi ya nusu karne, mpaka 2011, kwa wanasayansi kuonyesha kuwa baadhi ya watoto huzaliwa na hitilafu ya kinasaba inayowazuia kuivunja vitamini D. Dozi iliyovumiliwa na wengine iliwaumiza wao.

Baada ya hapo namba ya kwenye kopo ilihitaji pande mbili: chini na juu.

Sheria: 1978–1986

Kisa kilichozaa sheria hakikuhusu vitamini. Mwaka 1978 kampuni ya Syntex ilibadilisha mchanganyiko wa maziwa yake mawili ya soya, Neo-Mull-Soy na Cho-Free, ikaacha kuongeza chumvi ya mezani. Ilionekana ni jambo jema, kwa kuwa chumvi ilikuwa na sifa mbaya. Kilichopotea pamoja nayo ni kloridi. Mwaka 1979 madaktari wa Memphis, Tennessee, waliona watoto watatu ambao hawakui na ambao damu yao ilikuwa na kasoro ile ile, wakatoa taarifa, na uchunguzi ukafika kwenye kopo. Wazazi waliodai majibu Washington ndio waliolisukuma Bunge. Tarehe 26 Septemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya maziwa ya watoto, ambayo kwa mara ya kwanza iliorodhesha virutubisho vya lazima na viwango vyake.

Sheria yenyewe haikutosha. Mwaka 1982 kampuni ya Wyeth ililazimika kuondoa sokoni makopo ya SMA na Nursoy kwa upungufu wa B6, vitamini ile ile ya miaka ya 1950. Kanuni za udhibiti wa ubora zilikuwa bado hazijakamilika. Mwaka 1986 sheria ikakazwa: kila kundi la uzalishaji lipimwe virutubisho vyote vilivyotajwa kabla ya kuondoka kiwandani.

Hapo ndipo wakemia walipotazamana. Sheria inadai kipimo, lakini kipimo kipi? Mbinu nyingi rasmi ziliandikwa kwa ajili ya unga wa ngano, maziwa ya ng'ombe au vidonge. Maziwa ya watoto ni mchanganyiko mgumu wa protini, mafuta, sukari na madini, na mbinu iliyotoa jibu safi kwenye kidonge ilipotea humo. Viwanda vya Marekani na mamlaka ya chakula na dawa, FDA, wakaingia katika zoezi la pamoja: sampuli zile zile zikapelekwa maabara nyingi, majibu yakalinganishwa, na mbinu zilizoshinda zikaandikwa na AOAC. Namba rasmi za mbinu hizo huanza na 985 na 986, yaani 1985 na 1986, miaka ya kupitishwa kwake, na kwa robo karne ndizo zilizokuwa msingi wa kazi hii.

Boston, 1992

Wakati huo kifaa kipya kilikuwa kikiingia maabara: kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa. Sampuli husukumwa kupitia mrija mwembamba uliojaa chembe ndogo sana. Kila kemikali hupita kwa mwendo wake, na mwishoni hutoka moja moja mbele ya jicho la mwanga. Vitamini D, ambayo kwa miaka 50 ilihitaji mfupa wa panya, sasa iliweza kuonekana yenyewe kama kilima kidogo kwenye karatasi.

Michael Holick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Boston walikitumia kifaa hicho kuuliza swali rahisi: je, kopo lina kile linachosema? Walinunua maziwa dukani na kuyapima. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1992 katika jarida la tiba la New England, yalikuwa ya kutia hofu. Katika sampuli 10 za maziwa ya watoto za aina 5, hata moja haikuwa ndani ya asilimia 80 hadi 120 ya kiasi kilichoandikwa. Sampuli 7 zilikuwa na zaidi ya maradufu. Moja ilikuwa na asilimia 419. Na katika maziwa ya kawaida yaliyodai kuongezwa vitamini D, sampuli 3 kati ya 14 za maziwa yaliyotolewa mafuta hazikuwa nayo kabisa.

Miaka 12 baada ya sheria, na karibu miaka 40 baada ya watoto wa Uingereza kuugua, bado namba na ukweli vilikuwa mbali hivyo. Viwanda vilikuwa vikijilinda kwa kuongeza ziada, kwa kuwa vitamini hupungua kopo likikaa, na ziada hiyo inakubalika ikiwa na kiasi. Asiyejua kupima sawasawa, hata hivyo, hawezi kujua kama ameongeza kidogo au ameongeza mara nne.

Tel Aviv, 2003

Novemba 2003, madaktari wa Tel Aviv walipokea watoto waliokuwa wakitapika, wamelegea, macho yao hayasogei sawasawa. Dalili zilifanana na maambukizi ya ubongo au ugonjwa wa kurithi. Majibu ya vipimo hivyo yaliporudi bila kitu, mtu akauliza walikuwa wakila nini. Walikuwa wakinywa maziwa ya soya ya chapa ya Remedia, yaliyotengenezwa Ujerumani na kampuni ya Humana. Jedwali la kwenye kopo lilitaja vitamini B1. Maabara ya serikali ilipopima, ilikuta kiasi kilicho chini mno ya hicho.

Ilikuwa beriberi ya watoto, ugonjwa ambao madaktari wengi wa nchi tajiri waliujua kwa kuusoma tu. Mchanganyiko ulikuwa umebadilishwa na B1 haikuongezwa, kwa dhana kwamba soya yenyewe inayo ya kutosha. Kipimo kimoja sahihi cha bidhaa iliyokamilika kingeligundua kosa hilo kabla ya kopo la kwanza kupakiwa. Kampuni ilikiri kuwa makosa yalifanyika. Watoto kadhaa walifariki, na wengine walibaki na kifafa na ulemavu.

Kilichofuata ndicho kinachoumiza zaidi. Watafiti Iris Fattal, Naama Friedmann na Aviva Fattal-Valevski waliwatafuta watoto waliokunywa maziwa yale, wakiwa sasa na umri wa miaka 5 hadi 7, na kuwapima uwezo wa lugha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya watoto 59, 57 walikuwa na shida ya lugha: kuelewa sentensi zenye muundo mgumu, kukumbuka jina la kitu walichokijua. Katika kundi la watoto 35 waliokunywa maziwa mengine, wenye shida hiyo walikuwa 3. Vitamini iliyokosekana kwa sehemu tu ya mwaka wa kwanza iliacha alama ambayo hakuna sindano iliyoweza kuifuta.

Miaka mitano baada ya Tel Aviv, China ilitikiswa na maziwa yaliyotiwa melamini, yaliyowaathiri watoto wapatao 300,000, ambao 6 kati yao walitangazwa kufariki. Walaghai walitumia udhaifu wa kipimo cha protini, ambacho huhesabu nitrojeni bila kuuliza imetoka wapi. Kipimo hicho kilibuniwa na Johan Kjeldahl mwaka 1883. Dunia nzima ilielewa kwamba mbinu ya zamani isiyobagua ni mlango ulioachwa wazi.

Mbinu moja kwa maabara zote: 2010 hadi sasa

Mwaka 2010 AOAC iliunda jopo maalumu la maziwa ya watoto, linalojulikana kwa kifupi kama SPIFAN, likikutanisha viwanda, mamlaka za serikali, maabara huru na vyuo. Kazi yake ilikuwa kuandika kwanza masharti ambayo mbinu ya kila kirutubisho lazima itimize, kisha kuzipambanisha mbinu zilizopo. Kila mbinu ilijaribiwa kwa seti ile ile ya maziwa: ya unga na ya maji, ya ng'ombe na ya soya, yenye protini kamili na yenye protini iliyovunjwavunjwa. Kabla ya hapo maabara mbili zingeweza kutofautiana kwa kopo moja, kila moja ikiwa imefuata mbinu rasmi.

Chombo kilichoinua kiwango ni spektromita ya tungamo, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Mbinu namba 2015.14, kwa mfano, hupima B1, B2, B3 na B6 kwa mkupuo mmoja. Siri yake ni molekuli za vitamini zile zile zilizotengenezwa kuwa nzito kidogo, ambazo huongezwa kwenye sampuli tangu hatua ya kwanza. Kama nusu ya vitamini itapotea wakati wa kuitoa ndani ya unga, nusu ya zile nzito nazo itapotea, na uwiano kati yao utabaki vile vile. Upotevu uliowasumbua wakemia tangu enzi za bureti haukukomeshwa. Ulifanywa usiwe na madhara kwa jibu.

Maabara nazo zilihitaji kitu cha kujipimia. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilikuwa imeanza kuuza unga wa maziwa ya watoto ambao viwango vyake vya vitamini vimethibitishwa. Ulioanza uliitwa 1846, kisha ukaja 1849 na 1849a. Mkemia huupima unga huo sambamba na sampuli zake. Asipopata jibu lililothibitishwa, majibu yake yote ya siku hiyo hayatumiki, hata yakionekana mazuri kiasi gani.

Mbinu za SPIFAN zilichapishwa pia na ISO, moja baada ya nyingine, na Kamisheni ya Codex, chombo cha viwango vya chakula cha Umoja wa Mataifa, ikazipokea kuwa mbinu za kuamulia migogoro. Hapo ndipo zinapoingia moja kwa moja bandarini Dar es Salaam na Mombasa, kwa kuwa Tanzania na Kenya ni wanachama wa Codex. Kiwango chake cha maziwa ya watoto, kilichoandikwa mwaka 1981 na kurekebishwa 2007, kinataka kwa kila kilokalori 100 angalau mikrogramu 60 za B1, na vitamini D isipungue mikrogramu 1 wala kuzidi 2.5. Kwa B12 kinataka mikrogramu 0.1 tu, ambayo ni sawa na takribani nusu ya sehemu moja ya milioni ya gramu katika gramu 100 za unga. Kuiona B12 kwa uhakika katika kiasi hicho kunahitaji mashine za bei kubwa, umeme usiokatika na mafundi waliofunzwa, gharama ambayo mamlaka za viwango za nchi zinazonunua makopo lazima zibebe kila mwaka kama zinataka kuhakikisha zenyewe.

Leo mzigo ukitiliwa shaka, maabara ya nchi inayouza na ya nchi inayonunua zinaweza kutumia mbinu moja, kujipima kwa unga mmoja wa NIST, na kutoa majibu yanayolinganishika. Yakitofautiana, mbinu ya Codex ndiyo yenye kauli ya mwisho, na kundi lililo chini ya mikrogramu 60 za B1 halina jedwali la kulitetea.